Jiji Husomwa kwa Nyayo na kwa Kasia: Nafasi ya Kiswahili katika Ziara za Nakuru

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa mno pindi suala la utalii linapojadiliwa nchini Kenya. Hata hivyo, ni nadra kwa anayeitaja kuliuliza swali linaloandamana nayo: mwenyeji atapona vipi iwapo habari za nyumba yake husimuliwa wageni kwa lugha ya wageni, naye akabaki kuwa mtazamaji mlangoni? Makala haya yanashikilia kwamba jiji la Nakuru na viunga vyake ni matini pana inayostahili kusomwa kwa miguu na kwa mashua, na kwamba Kiswahili ndicho chombo kifaacho zaidi kwa usomaji huo. Aidha, yanadai kuwa jukumu hili limewaelemea wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wa Bonde la Ufa kuliko wanavyokubali.

Miji maarufu ya kale duniani hujivunia ziara za namna mbili. Mgeni wa London au Paris hutembea katika vichochoro vyake asubuhi, kisha alasiri akapanda chombo na kuitazama miji hiyo kutoka mtoni, katika maji ya Thames au Seine. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, Lamu humpa mgeni vichochoro ambamo punda hupita kwa shida, na baadaye jahazi la kumzungusha baharini. Mombasa nayo ina Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Katika miji hiyo ya pwani, Kiswahili kimo ndani ya ziara hata pale mwelekezi anapozungumza lugha nyingine. Mgeni hawezi kuutaja mlango, baraza, kofia wala chombo cha baharini bila ya kuazima neno la Kiswahili.

Nakuru haikujaliwa mto wa kubeba chombo. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayomimina maji katika Ziwa Nakuru ni mito midogo ambayo kiangazi huidhoofisha mno. Pengine ndiyo sababu jiji hili halihesabiwi miongoni mwa miji ya kutembelewa kwa ajili ya historia. Mgeni hupitishwa kwa gari hadi katika mbuga, akaonyeshwa vifaru na heroe, kisha akaondoka. Jiji lenyewe, lililokuwa na wakazi 570,674 katika sensa ya 2019 na kutunukiwa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, huchukuliwa kuwa mahali pa kununulia mafuta ya gari na chakula cha mchana.

Jiji lililokuwa chini ya maji

Ni kinaya kwamba mji huu usiokuwa na mto ni zao la maji. Takriban miaka 9,000 iliyopita, maziwa ya Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa, na sehemu kubwa ya jiji la leo ilikuwa chini ya maji hayo. Anayetembea leo kutoka stesheni ya reli hadi sokoni anaitembelea sakafu ya ziwa. Ushahidi ungalipo katika kilima kinachojulikana kwa jina la Kiingereza la Hyrax Hill, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, ambacho enzi hizo kilizungukwa na maji. Mtaalamu wa akiolojia Mary Leakey alifukua eneo hilo mnamo 1937 na 1938, akapata makaburi, mabaki ya makao na vifaa vya watu walioishi hapo katika vipindi tofauti.

Jambo linalopaswa kumsisimua msomi wa Kiswahili ni hili: katika miamba ya kilima hicho kuna mashimo ya mchezo wa bao yaliyochongwa jiweni. Bao ni mchezo ambao Kiswahili kimeutungia msamiati wake, kete zake na hata mafumbo yake. Mwanafunzi anayeufahamu kupitia fasihi ya pwani huenda asijue kwamba wenyeji wa bara waliuchonga katika mwamba, mwendo wa dakika chache kutoka barabara kuu ya Nairobi. Hili ni somo ambalo halimo katika kitabu. Humjia yule tu aliyekubali kupanda kilima kwa miguu yake.

Jina la kilima lenyewe ni mfano bora wa hali inayolalamikiwa hapa. Mnyama anayetajwa ana jina lake katika Kiswahili: ni pimbi. Hata hivyo, ni nani amewahi kusikia mwelekezi akikiita Kilima cha Pimbi? Watoto wa shule hufikishwa hapo kwa mabasi, wakasoma bango la Kiingereza, wakarudi nyumbani bila ya kujua kwamba mnyama huyo ana jina katika lugha ya taifa lao. Vivyo hivyo, Menengai huitwa "kreta" ilhali neno kasoko limo kamusini. Kasoko hiyo, yenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, inahusishwa katika simulizi za Wamaasai na vita vya koo zao, ambapo mashujaa walioshindwa walitumbukia humo. Simulizi hiyo ni fasihi simulizi kamili. Ina mandhari, migogoro na hata imani kuhusu mizuka. Mahali pake ni ukingoni mwa kasoko, si katika swali la mtihani pekee.

Mitaa kama matini

Tukio lililoupa mji huu umbo lake la kisasa ni kufika kwa reli mnamo 1900. Miaka minne baadaye, mnamo 1904, Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo. Pamoja na reli walikuja vibarua, askari, wapishi na wafanyabiashara wa asili mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Alama za lugha hiyo zimeandikwa katika ramani. Anayeanza ziara yake katika mtaa wa Milimani, kwenye miinuko ya Menengai, na kuteremka hadi Bondeni, atakuwa amesoma historia ya ukoloni kwa maneno mawili tu. Milimani palikuwa pa Wazungu; Bondeni palikuwa pa Waafrika. Viambishi vya mahali, ambavyo mwanafunzi hukariri kama kanuni za sarufi, hapa vinabainisha nani aliishi juu na nani aliishi chini. Pindi majina haya yanapotamkwa katika ziara ya Kiingereza, huwa ni majina matupu ya mitaa. Yanapotamkwa na kufafanuliwa kwa Kiswahili, huwa ni ushahidi.

Karibu na Bondeni pana Kivumbini. Kwa maelezo yanayotolewa aghalabu, jina Nakuru lina asili ya Kimaasai na linamaanisha mahali pa vumbi. Iwapo ndivyo, basi Kivumbini ni jina la jiji zima lililorudiwa kwa lugha nyingine. Mtaa umelitafsiri jiji. Upande wa magharibi kuna kata iitwayo London, na kuna mtaa wa Langalanga, neno ambalo wasikilizaji wa taarifa za michezo walilizoea katika "magari ya langalanga". Kila jina kati ya haya lina mzee anayeweza kulisimulia. Kila mwaka unaopita, idadi ya wazee hao hupungua.

Isitoshe, Bonde la Ufa lina historia ya kipekee ya Kiswahili ambayo msomi hapaswi kuikwepa. Katika mashamba ya walowezi, lugha hii ilitumika kwa umbo lililovunjwavunjwa lililokuja kuitwa Kisetla. Kilikuwa Kiswahili cha amri: njoo, leta, ondoka. Wazee wengi wa Njoro, Rongai na Subukia walikutana na Kiswahili kwanza katika kinywa cha bwana shamba. Kwa hivyo, kuitumia lugha hii leo kusimulia historia ya mahali hapo ni zaidi ya kukifanyia hisani Kiswahili. Ni kuirejeshea heshima lugha iliyowahi kufanywa kiboko.

Kasri na waliolijenga

Haja ya heshima hiyo hujidhihirisha zaidi katika eneo la Ngata, katika kasri la Lord Maurice Egerton, lililojengwa kuanzia 1938 na kukamilika mnamo 1954. Egerton ndiye aliyeanzisha shule ya kilimo ya Njoro mnamo 1939, ambayo hatimaye ilikuwa Chuo Kikuu cha Egerton mnamo 1987. Simulizi inayopendwa na wageni wa kasri hilo ni ya mapenzi: bwana aliyejenga jumba ili kumridhisha mwanamke, akakataliwa, naye akawachukia wanawake hadi kufa kwake mnamo 1958. Ni simulizi tamu, na hakuna anayependekeza kwamba ifutwe. Lakini msomi wa fasihi aliyefunzwa kuuliza ni sauti ya nani inayosikika katika matini, na ni ya nani iliyonyamazishwa, hana budi kuuliza swali hilo hilo akiwa amesimama ukumbini mwa kasri. Mafundi waliochonga mawe wako wapi katika simulizi? Wapishi na watunza bustani waliitana kwa majina gani, na walimwita bwana huyo nani alipokuwa mbali? Masuala haya hayajibiwi kwa Kiingereza cha vipeperushi, kwa sababu waliohusika hawakuishi katika Kiingereza.

Historia ya karibu zaidi nayo inadai kutajwa. Ni mjini Nakuru ambapo mnamo Agosti 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi na kuwahakikishia kwamba wangeweza kubaki na kulima. Ni Nakuru na Naivasha pia ambazo mnamo Januari 2008 zilishuhudia mauaji na uhamisho wa watu kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukageuka kuwa kambi ya waliofurushwa makwao. Ziara inayoanzia kwenye kasri na kuishia kwenye heroe huliruka lote hilo. Ziara ya wenyeji haiwezi kuliruka, kwa kuwa wenyeji wenyewe ndio waliopoteza jamaa na nyumba. Kulizungumzia kwa lugha isiyomilikiwa na kabila lolote kati ya yaliyohusika ni faida ambayo Nakuru inayo na haijaitumia ipasavyo.

Kasia katika Naivasha

Ikiwa jiji halina mto, kaunti ina ziwa linalobeba chombo. Mwendo wa kilomita 70 hivi kusini mashariki mwa jiji, boti za Ziwa Naivasha huwachukua wageni kuwatazama viboko, ndege na kisiwa chenye umbo la hilali. Ziwa hilo hulishwa na mito ya Malewa na Gilgil, na maji yake si ya magadi. Kati ya 1937 na 1950 ndege za majini zilizosafirisha abiria na barua kati ya Uingereza na Afrika Kusini zilitua juu yake. Haya ni maarifa ambayo mwelekezi stadi huyataja.

Hata hivyo, ziwa lina sura nyingine ambayo boti hupita juu yake kwa kimya. Tangu takriban mwaka 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Katika Ziwa Nakuru, lango kuu la mbuga lilimezwa na maji likahamishwa, na familia za Mwariki na Barut zikapoteza makao. Maji mengi yalizimua magadi, mwani ukapungua, na heroe waliotegemea mwani huo wakahamia Bogoria na kwingineko. Naivasha nayo, mnamo 2020 na tena 2025, mtaa wa Kihoto ulifurika, nyumba zikajaa maji na boti zikawa ndizo usafiri wa kuwatoa wakazi. Katika lugha ya Gikuyu, neno kihooto hudokeza haki na hoja isiyopingika. Mtaa wenye jina la haki umezama, na msomi wa fasihi hahitaji kubuni taswira nyingine iliyo kali kuliko hiyo.

Basi, ni ziara gani ya mashua iliyo ya kweli katika Naivasha? Ile inayomwelekezea mgeni kamera kwa kiboko pekee, au ile inayomwambia pia kwamba chombo alichopanda ni cha aina ile ile iliyombeba mama na godoro lake? Nahodha wa boti anaijua habari hii kwa kina. Anaijua kwa Kiswahili. Anapogeukia Kiingereza alichofunzwa kwa ajili ya kazi, hubaki na majina ya ndege na urefu wa meno ya kiboko. Kwa maneno mengine, lugha ya ziara ndiyo inayoamua ni ukweli upi utakaopanda chomboni na upi utakaoachwa gatini.

Pingamizi mbili

Kuna watakaodai kwamba utalii ni biashara, na mwenye fedha ndiye huchagua lugha. Dai hili lina uzito, ila linasahau kwamba wageni wa Nakuru si wa ng'ambo pekee. Wanafunzi wa shule, vikundi vya makanisa, wanandoa wapya, pamoja na wageni kutoka Tanzania na Uganda hufika pia. Janga la Uviko-19 mnamo 2020 lilidhihirisha hatari ya kumtegemea mgeni wa mbali. Ndege zilipokoma, waliobaki kuzuru vivutio walikuwa wenyeji. Biashara inayomdharau mteja wa karibu kwa sababu ya lugha yake haiwezi kusifiwa kuwa biashara ya busara.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za jiolojia, akiolojia na ekolojia. Pingamizi hili limejibiwa kwa kiasi na yaliyotangulia: kasoko, pimbi, heroe, magadi na mwani ni maneno yaliyopo. Yasiyokuwepo yataundwa kwa njia zile zile zinazofundishwa darasani, yaani uambishaji, uambatanishaji, ukopaji na upanuzi wa maana. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa na watu walio kazini. Mwelekezi anayelihitaji neno leo saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi arubaini, ni mlezi bora wa istilahi kuliko jopo litakalokutana mwaka ujao.

Yanayopaswa kufanywa

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2011, Kamati ya Turathi ya Dunia iliorodhesha kwa pamoja turathi mbili za Kenya: Ngome ya Yesu ya Mombasa na mfumo wa maziwa ya Bonde la Ufa, likiwemo Ziwa Nakuru. Ngome imeshapata wasimulizi wake wa Kiswahili kwa karne kadhaa. Maziwa yangali yanangoja.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kuandaa njia moja ya matembezi, kutoka stesheni ya reli kupitia Bondeni na Kivumbini hadi Kilima cha Pimbi, pamoja na kijitabu chepesi cha maelezo kwa Kiswahili. Pili, kurekodi masimulizi ya wazee wa mitaa hiyo, vibarua wa zamani wa mashamba na manahodha wa Naivasha, na kuyahifadhi katika maktaba za vyuo. Tatu, kuketi na waelekezi, si kuwafundisha tu bali kujifunza kwao, ili orodha ya istilahi itokane na kazi yao. Idara nazo zingeikubali kazi hiyo kuwa utafiti wa nyanjani unaotuzwa alama. Ni ajabu kwamba mwanafunzi huweza kuhitimu baada ya kukariri sifa za sajili ya mahakama na ya hospitali bila ya kuwahi kusikiliza mtu akiifanyia kazi lugha hiyo nje ya ukumbi wa mihadhara.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe ni fasihi ya wasafiri. Tippu Tip alisimulia safari zake kwa lugha hii. Karibu karne moja baadaye, Ken Walibora alimtoa Kongowea Mswahili Tanga hadi Kitale katika riwaya ya Siku Njema, iliyochapishwa mnamo 1996. Usomi unaoisifu safari ya vitabuni na kuikwepa safari ya kilomita tano katika jiji lake mwenyewe una kasoro. Maji ya maziwa yanazidi kuyafunika makao ya watu, na wazee wa Bondeni wanazidi kuondoka na majina yao. Mgeni ataendelea kuja Nakuru, awe anaelewa anachokiona au la. Anayehitaji kupona ni mwenyeji, na dawa yake inaanzia katika kuisikia habari ya nyumba yake ikisimuliwa kwa lugha anayoiota usiku.